Django Reinhardt: aliiacha gitare ya Marekani, akaweka mikro kwenye ya kwake

Kwa mpiga gitare mwenye pesa kidogo, swali linarudi kila mara: nibadilishe mikro, ao ninunue gitare nzuri zaidi? Django Reinhardt, aliyefahamika duniani kote katika muziki wa jazz, alijaribu njia zote mbili.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 huko Liberchies, Ubelgiji, katika jamaa ya Wamanouche, watu wa safari walioishi ndani ya nyumba za magurudumu. Alikulia pembeni ya Paris, akaanza na banjo. Mwaka 1928 nyumba yake ilishika moto. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikakakamaa, na ikamlazimu kujifunza upya kupiga solo kwa viwili vilivyobaki.

Mwaka 1934 alianzisha kundi la Hot Club de France pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli. Kundi hilo halikuwa na ngoma, kwa hiyo gitare yake ya Selmer, yenye nyuzi za chuma na mlio mkali, ilisikika bila umeme.

Mwaka 1946 Duke Ellington alimualika Marekani. Django alifika mikono mitupu, bila gitare (ndivyo alivyokuwa!), akapewa Gibson ya umeme. Mbele ya trompeti na saksofoni nyingi, sauti ilitosha. Lakini mlio wenyewe haukumpendeza.

Aliporudi Ufaransa, alishika tena Selmer na kuiwekea mikro ya Stimer, iliyotengenezwa na Mfaransa Yves Guen. Mikro ya namna hiyo ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba: uzi wa chuma ukitetemeka karibu yake, umeme mdogo unatokea na kwenda kwenye ampli. Shingo ilibaki ileile ambayo vidole vyake vilivyoumia viliizoea. Sasa aliweza kushindana na ngoma na kupiga bebop. Wengi wanapenda rekodi za zamani. Mimi nachagua zile za 1953. Ila tukumbuke kwamba Selmer ilikuwa tayari gitare nzuri. Mikro hainyooshi shingo iliyopinda.

Alikufa tarehe 16 Mei 1953, akiwa na miaka 43. Katika miaka hiyo ya 1950, Mbelgiji mwingine, Bill Alexandre, alifika Léopoldville na gitare ya umeme.