Mgeni Aliyekuja, Wenyeji Wakapona

Kila ninapowauliza wanafunzi wangu hapa Waberi, mjini Garissa, utafiti wa afya hufanyiwa wapi, jibu huwa lile lile: Nairobi, ama Ulaya. Siwalaumu. Hata hivyo, nyakati kama hizo huwasimulia habari za mwalimu mmoja wa Wajir.

Annalena Tonelli alizaliwa mwaka 1943 mjini Forlì, Italia, akasomea sheria. Mwaka 1969 alikuja Kenya kufundisha, na muda si mrefu akajikuta Wajir. Hakuwa daktari. Lakini aliwaona watu wakifa kwa kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa na tiba, na jambo hilo likamnyima raha.

Shida haikuwa ukosefu wa dawa tu. Tiba ya siku hizo aghalabu ilidumu mwaka mmoja au zaidi. Mfugaji hupata nafuu baada ya majuma machache. Mvua ikinyesha kwingineko, mifugo huhama, naye huifuata. Daftari la hospitali humhesabu kuwa mtoro. Dawa zikikatizwa, ugonjwa hurejea, na pengine hurejea ukiwa sugu.

Wakati huo, utafiti ulioanza mwaka 1970 katika hospitali za Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na Waingereza, ulikuwa umeonyesha kwamba dawa kama rifampisini zingeweza kufupisha tiba hadi miezi 6. Hayo yalikuwa maarifa ya hospitali. Je, yangefaa nyikani?

Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani ili kulijibu swali hilo. Wagonjwa walikaribishwa kujenga vibanda vyao nje kidogo ya mji wa Wajir, wakaishi humo kwa miezi 6 kama walivyozoea kuishi. Kila mmoja alimeza dawa mbele ya mhudumu. Mahali hapo pakaitwa Manyata ya TB. Yamkini hekima yake kubwa ilikuwa kuanza na maisha ya mfugaji, kisha kuipima tiba ifae maisha hayo.

Sisemi kwamba alifanya kazi hii peke yake. Nchini Tanzania, Karel Styblo alishiriki kujenga mpango wa taifa wa kifua kikuu kuanzia mwaka 1977. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliyahimiza mataifa yote yafuate utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akiangaliwa. Kumbe Wajir ilikuwa miongoni mwa mahali palipotangulia.

Februari 1984 yalitokea mauaji ya Wagalla. Tonelli aliwasaidia majeruhi, akashiriki kuokota maiti na kuufikisha ukweli nje ya nchi. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi yake Somalia, hatimaye mjini Borama, Somaliland, alikoendesha hospitali ya kifua kikuu. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka uo huo alipigwa risasi hospitalini mwake, akafa.

Nikiyatafakari maisha haya, naona uzi mmoja: alikataa mtu yeyote asihesabiwe, awe mgonjwa aliyehama au marehemu wa Wagalla. Sera hutungwa kwa hesabu. Asiyehesabiwa hatengewi dawa wala shilingi.

Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka 1979. Tangu 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya imo mikononi mwa kaunti. Maadamu ni hivyo, kaunti zetu za Garissa, Wajir na Mandera zinapaswa kutenga fedha za utafiti wao wenyewe, ufanywe na vijana wanaoijua lugha, visima na njia za mifugo. Haitoshi kungoja matokeo yaliyopimwa kwa watu wa mijini wasiohama.

Walimu wenzangu, tuwafunze watoto kuuliza, kuhesabu na kuandika kwa uaminifu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, wengi wakapona. Ni aibu ikiwa wenyeji tutaketi tukimngoja mgeni mwingine.