Dk. Williamson, aliyefuata punje nyeusi hadi akaikuta almasi ya Mwadui

Ukipita Kishapu mkoani Shinyanga leo, mgodi wa almasi wa Mwadui bado unaitwa kwa jina la mtu aliyefariki mwaka 1958. Ni John Thorburn Williamson, Mkanada aliyezaliwa Quebec mwaka 1907 na kusomea jiolojia Chuo Kikuu cha McGill hadi udaktari.

Alikuja Tanganyika miaka ya 1930 akafanya kazi kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kule Mwanza. Mambo yalipodorora akaamua kutafuta mwenyewe. Wakati huo macho ya wengi Kanda ya Ziwa yalikuwa kwenye dhahabu ya Geita. Yeye alihangaika porini, malaria inamwangusha, mfukoni karibu hana kitu.

Sasa alijuaje pa kuchimba? Almasi ni adimu mno, unaweza kusafisha mchanga mwingi na usiione hata moja. Kwa hiyo mtafutaji huanza na wenzake: punje nyeusi za ilmenaiti na nyekundu za ganeti, zilizopanda kutoka chini ya ardhi pamoja nayo kwenye mwamba wa kimbalaiti. Unaosha mchanga kwa maji, unaangalia nzito zilizobaki. Zikiongezeka unasogea mbele, zikikata unarudi nyuma.

Wanafunzi mnaofanya majaribio ya kemia mnaijua akili hiyo. Ayoni ya salfeti huioni kwa macho. Ukidondosha bariamu kloraidi, yakitokea mashapo meupe yasiyoyeyuka kwenye asidi, umeshajua imo. Hata almasi ina jaribio lake, ingawa ni la hasara kidogo: kwa kuwa ni kaboni tupu, ukiichoma kwenye oksijeni hutoa kaboni dayoksaidi, gesi ile ile inayogeuza maji ya chokaa kuwa kama maziwa. Williamson hakuhitaji kufika huko!

Machi 1940 punje zikamfikisha Mwadui. Wengine husimulia kuwa ilikuwa chini ya mbuyu. Alichokikuta ni mdomo wa volkano ya kale wenye hekta 146 hivi, kati ya mikubwa zaidi duniani kuwahi kuchimbwa almasi.

Oktoba 1947 ikapatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa kwenye bruchi. Mimi hapo huwa nakwama: jiwe adimu namna ile, na Mtanganyika wa kawaida hakuwahi hata kulitia machoni.

Hata hivyo akiwa hai hakukubali kuuza mgodi wake kwa kampuni ya De Beers. Kansa ya koo ilimuua Januari 1958, akiwa na miaka 50, hajaoa. Mwaka huo huo ndugu zake wakauza, De Beers na serikali ya kikoloni wakagawana nusu kwa nusu.