Kasa-Vubu: rais aliyeanzia kwenye komine



Joseph Kasa-Vubu sisi wote tunamjua kama rais wa kwanza wa Kongo. Wachache wanakumbuka kwamba kiti chake cha kwanza kilikuwa cha komine.

Alizaliwa Mayombe, Bas-Congo. Alisoma seminari lakini hakupata upadri. Alifundisha shule, kisha akawa karani wa leta kule Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka 1954 akawa kiongozi wa Abako, chama cha Bakongo.

Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu kura za komine katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Wanaume peke yao walipiga kura, wanawake hapana. Abako ilishinda sana Léopoldville, na Kasa-Vubu akawa burgumestri wa komine ya Dendale. Uwezo wake ulikuwa mdogo, kwani juu yake kulikuwa burgumestri mkuu, Mbelgiji aliyewekwa na leta. Lakini siku ya kuingia kazini, 20 Aprili 1958, hakusimama kwa kushukuru tu. Alidai uchaguzi wa nchi nzima, na Wakongo wajitawale katika mambo yao ya ndani.

Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa Abako ulikatazwa, fujo ikalipuka, watu wengi wakafa. Abako ikavunjwa, yeye akafungwa, kisha akapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1960 akawa rais, mpaka Mobutu alipomtoa tarehe 24 Novemba 1965. Alikufa Boma mwaka 1969. Dendale leo inaitwa komine ya Kasa-Vubu.

Tusifiche upande mwingine: nguvu zake zilitoka zaidi kwa kabila moja. Sisi wa Tanganyika, tulioona vijiji vya Batwa na vya Baluba vikichomwa, tunajua njia hiyo inafika wapi.

Desemba 2023 wakaaji wa miji mikubwa ya mikoa walichagua washauri wa komine. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ugomvi wa parseli, mambo hayo yanaanzia pale. Wanachama, mjue majina ya washauri wenu, na mwende kwao Mtwa na Muluba pamoja. Wafadhili wetu, mnapolipia karatasi za mtu aliyerudi, mnamfungulia mlango huo.