Elijah Masinde na hukumu ya wazimu

Mwalimu wa historia afundishapo habari za upinzani dhidi ya ukoloni magharibi mwa Kenya hawezi kuliruka jina la Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Wanafunzi hukariri kwamba alikataa amri za Wazungu, akafungwa, kisha akahamishiwa mbali. Lakini ipo sehemu ya maisha yake ambayo hupitwa mbiombio, nayo ni ile miaka miwili hivi aliyozuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, jijini Nairobi. Yafaa tuitazame kwa makini, kwani inahusu swali ambalo bado linatusumbua: ni nani mwenye haki ya kumwita mwenzake mwendawazimu, na kwa ushahidi gani?

Masinde alizaliwa Kimilili, katika eneo la Bungoma, mnamo 1910 au karibu na hapo. Kabla ya kujulikana kama nabii alisifika kwa kandanda, na mwaka wa 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alikuwa muumini wa kanisa la Quaker hadi alipotengwa kwa kuoa mke wa pili. Aliwahi pia kuajiriwa na mahakama ya wenyeji, kazi yake ikiwa kuwapelekea watu hati za kuitwa shaurini. Kwa ufupi, alikuwa mtu mwenye kwao, mwenye familia na kazi.

Nyakati zenyewe zilikuwa ngumu. Mashamba mapana ya Trans Nzoia, kuanzia Kitale hadi mji mdogo ulio kando ya Mto Nzoia ambao siku hizo uliitwa Hoey's Bridge na leo ni Moi's Bridge, yalikuwa mikononi mwa walowezi. Wabukusu wengi waliishi humo kama maskwota, wakilima ardhi isiyokuwa yao. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, machifu walitakiwa watoe vijana wa kwenda kufanya kazi. Mwaka wa 1944 Masinde alipambana na watu wa chifu, akafikishwa kortini, akakataa kutoa ahadi ya kudumisha amani, akafungwa. Mwaka wa 1945 akapelekwa Mathari.

Mathari ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1910 kama nyumba ya kuwafungia wendawazimu. Tangu 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari aitwaye J. C. Carothers, ambaye alipoanza hakuwa na mafunzo maalumu ya maradhi ya akili. Mnamo 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo aliufananisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ilichapisha maandishi yake mengine kuhusu Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kana kwamba chanzo chake ni kuvurugika kwa nafsi zao. Katika macho ya aina hiyo, Mwafrika aliyekataa kutii angewezaje kuonekana mzima?

Leo daktari mwangalifu huenda polepole. Huuliza dalili zilianza lini na zimedumu kwa muda gani. Kama mtu ameacha kulala, kula na kujitunza. Kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kama kazi yake na jamaa zake vimemshinda. Huhakikisha kwanza kwamba si malaria iliyopanda kichwani, wala kifafa, wala pombe. Tena hupima imani ya mtu kwa kuilinganisha na imani ya jamii yake. Msingi huu ni muhimu sana. Masinde alifundisha habari za Wele, Mungu wa Wabukusu, na heshima ya mizimu ya wahenga. Na Wabukusu walikuwa na waaguzi wao tangu kale, akiwamo Mutonyi wa Nabukelembe, ambaye utabiri wake unasimuliwa hadi leo. Imani inayoshirikiwa na maelfu haitoshi kuwa dalili ya ugonjwa wa mtu mmoja.

Sithubutu kumpima marehemu kwa kusoma maandishi ya waliomchukia. Huenda alikuwa na maudhi yake; alikuwa mkali, na hata wafuasi wake walimwogopa. Lakini tuseme kweli alikuwa mgonjwa: Mathari ya 1945 ingempa nini? Klopromazini, dawa ya kwanza madhubuti ya kutuliza wazimu mkali, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka wa 1952. Kama hakuwa mgonjwa, ile ilikuwa jela yenye jina la hospitali.

Aliachiliwa mwaka wa 1947, akarudi kwao na mahubiri yaleyale. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa waumini huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku. Masinde alikamatwa mwezi huohuo, na mara hii hakurudishwa Mathari bali alihamishiwa Lamu, akakaa huko hadi 1961. Maneno yaliyokuwa ugonjwa mwaka wa 1945 yakawa uhalifu mwaka wa 1948, na msemaji hakuwa amebadilika.

Serikali ya Kenya huru nayo ilimtia gerezani. Alifariki mwaka wa 1987, miaka miwili kabla Bunge halijapitisha Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa mwaka wa 2022. Mathari ingalipo, na sasa ina dawa na madaktari waliosomea kazi yao. Hata hivyo shuleni kwetu kijana akisumbuliwa na huzuni isiyokwisha au akianza kusikia sauti, wenzake humtania kwamba atapelekwa Mathari, naye hunyamaza.