Lloyd: Mjalidi aliyewajengea samaki bahari chini ya sakafu

Mfugaji wa samaki wa baharini anayeliweka tangi lake sebuleni, kisha akayateremsha maji kimya kimya hadi kwenye birika lililo chini ya nyumba, huenda hajawahi kulisikia jina la William Alford Lloyd. Hata hivyo, mtindo anaoutumia ulipata umaarufu kupitia kwa Mwingereza huyo aliyefariki mwaka wa 1880, baada ya kujenga nyumba za samaki zilizovuta umati mkubwa katika miji ya Ulaya.

Lloyd hakuwa msomi wa chuo kikuu wala mtoto wa tajiri. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu jijini London, kazi yenye ujira mdogo. Mapenzi yake kwa viumbe wa majini yalianza wakati Uingereza nzima ilipokuwa imeingiwa na wazimu wa kufuga samaki ndani ya vioo.

Wazimu huo ulikuwa na sababu zake. Mnamo 1845 serikali ya Uingereza iliondoa ushuru wa vioo, na bei yake ikashuka. Miaka mitano baadaye, mwanakemia Robert Warington alieleza jinsi mimea ya majini, samaki na konokono walivyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja kwa muda mrefu, mmoja akimfaa mwenzake. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kuhusu ufugaji huo. Punde si punde, kila familia yenye uwezo ikataka tangi la kioo karibu na dirisha.

Lloyd aliiacha gundi na ngozi za kujalidia, akafungua duka karibu na Regent's Park. Humo aliuza matangi, maji ya bahari, mwani, kaa, anemoni na kila kifaa ambacho mfugaji angehitaji. Orodha ya bidhaa aliyoichapisha mwaka wa 1858 ilikuwa kitabu kizima, nayo iliwafunza wateja mengi kuhusu viumbe walionunua.

Lakini mapenzi ya watu hayakudumu. Wengi walinunua tangi kwa kufuata mkumbo, wakaliweka juani, wakawajaza samaki kupita kiasi na kuwalisha bila kipimo. Kiumbe mmoja alipokufa usiku bila kuonekana, kufikia asubuhi maji yalikuwa yameoza na wenzake wamekufa naye. Wateja walikata tamaa, matangi yakageuzwa kuwa vyungu vya maua, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 biashara ya Lloyd ikaporomoka.

Pigo hilo lingemrudisha mtu mwingine kwenye ujalidi. Lloyd alikuwa tayari amelichunguza tatizo lenyewe, akatambua kwamba kasoro ilikuwa katika uchache wa maji. Tangi dogo halina mahali pa kuuficha uchafu wala joto. Hivyo basi, alishikilia kwamba samaki wanaoonekana ni lazima wategemee maji mengi zaidi yasiyoonekana.

Mtindo wake ulikuwa rahisi kuueleza, ingawa kuujenga kulihitaji fedha na umakini. Chini ya sakafu lilichimbwa birika kubwa, lenye giza na ubaridi. Pampu iliyavuta maji kutoka humo hadi kwenye matangi yaliyokuwa juu, na yalipofika ukingoni yakamwagika yenyewe na kurudi birikani. Mzunguko huo haukukatizwa mchana wala usiku. Giza liliuzuia mwani wa kijani kuzaana, ubaridi wa ardhi ukapunguza joto la kiangazi, nayo maji yaliyokuwa yakienda mbio yalibeba hewa ya kuwatosha viumbe na kuuvunja uchafu wao.

Kadhalika, Lloyd aliepuka metali ambazo chumvi ingezila na kuzigeuza sumu. Katika kazi zake alipendelea mabomba na pampu za mpira uliopikwa kwa salfa hadi ukawa mgumu kama pembe.

Bara Ulaya ndilo lililompa nafasi ya kuyathibitisha hayo. Mwaka wa 1864 bustani ya wanyama ya Hamburg, nchini Ujerumani, ilifungua nyumba ya samaki iliyojengwa kwa mtindo wake, naye akapewa kuisimamia. Mji huo una bandari, lakini uko mtoni, mbali na bahari yenyewe. Maji ya chumvi yalikuwa mali ya kutunzwa. Katika mzunguko wa Lloyd, maji yale yale yalitumika kwa muda mrefu bila kumwagwa, na viumbe waliendelea kuishi.

Sifa hiyo ndiyo iliyomrejesha nyumbani kwa heshima. Mnamo 1871 ilifunguliwa nyumba ya samaki katika Crystal Palace, lile jumba kubwa la vioo lililokuwa Sydenham, kusini mwa London. Hapa birika la chini lilibeba maji mara kadhaa zaidi ya yale yaliyokuwa kwenye matangi yote ya maonyesho. Mgeni aliyesimama mbele ya kioo aliona sehemu ndogo tu ya bahari ambayo Lloyd alikuwa ameijenga. Iliyobaki ilikuwa chini ya nyayo zake.

Mwanasayansi Mjerumani Anton Dohrn naye alimtafuta Lloyd kwa ushauri alipokuwa akijenga kituo chake cha utafiti mjini Naples, nchini Italia. Nyumba ya samaki ya kituo hicho ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 1874, na viingilio vya wageni vikasaidia kugharimia kazi za wanasayansi waliotoka mataifa mbalimbali. Fundi aliyeanza kwa kujalidi vitabu vya wengine sasa alikuwa akiwashauri wataalamu.

Lloyd alifariki kabla ya kujua sababu kamili ya kufaulu kwake. Yeye aliamini kwamba hewa iliyochanganyika na maji ndiyo iliyouteketeza uchafu. Hakukosea, ila kulikuwa na wafanyakazi wengine asiowajua. Mnamo 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky alidhihirisha kuwapo kwa bakteria wanaoigeuza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa chumvi zisizo na madhara makubwa. Mabomba, kuta na mchanga katika mfumo wa Lloyd vilikuwa makao mazuri ya bakteria hao.

Jumba la Crystal Palace liliteketea kwa moto Novemba 1936. Kituo cha Naples kingalipo hadi leo.

Kanuni zake nazo hazijafa. Mfugaji wa leo anayeweka birika chini ya nyumba hukabiliwa na maswali yale yale ya mzunguko, na jingine la kelele. Bomba la kuteremshia maji hunguruma linapomeza maji na hewa kwa pamoja. Dawa yake ni kulifanya bomba kuu lijae maji tupu kwa kulidhibiti kwa koki, kisha kuweka bomba la pili kando yake la kupokea maji kidogo yanayozidi. Wengi huongeza la tatu, linalobaki kavu hadi siku yale mengine yatakapoziba.

Aidha, birika halifai kujazwa hadi pomoni. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, maji yaliyo mabombani na yale ya ukingoni mwa tangi hushuka yote kwa mkupuo. Asiyeyaachia nafasi huamka na kukuta mafuriko chini ya nyumba. Kwa mfugaji huyo, kama ilivyokuwa kwa wateja wa duka la Lloyd, usalama wa samaki wa juu hutegemea maandalizi ya chini, mahali ambapo wageni hawaangalii.