Walter von Saint Paul-Illaire

Walter von Saint Paul-Illaire (Berlin, 12 Januari 1860 – Berlin, 12 Desemba 1940) alikuwa afisa wa Ujerumani katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na mtunzi wa kitabu cha kufundishia Kiswahili. Jina lake linakumbukwa hasa kutokana na ua dogo la misitu ya Tanga na Usambara, ambalo wataalamu wa mimea waliliita Saintpaulia. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu ndani ya nyumba sehemu nyingi za dunia.

Maisha na kazi

Alizaliwa katika ukoo wa kikabaila. Baba yake, Ulrich, alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea na aliishi Fischbach, Silesia (leo Karpniki, nchini Poland). Mwaka 1885 Walter aliingia katika utumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, akaja pwani. Alijifunza Kiswahili, na mwaka 1890 kitabu chake cha kuwafundisha Wajerumani lugha hiyo kilichapishwa kwa jina la Suaheli Handbuch.

Tangu mwaka 1891 hadi 1910 alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga. Hicho kilikuwa kipindi cha mabadiliko makubwa. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902. Serikali ilifungua shule mjini Tanga iliyofundisha kwa Kiswahili, nayo ilitoa makarani na walimu kwa ajili ya utawala. Wakati huohuo wenyeji walitozwa kodi ya nyumba, na ardhi nyingi ilichukuliwa kwa mashamba ya kahawa, mpira na mkonge. Mkuu wa wilaya ndiye aliyesimamia utawala huo. Kwa hiyo sifa yake katika elimu ya mimea haiwezi kutenganishwa na cheo chake cha kikoloni.

Ua la Usambara

Miaka ya 1891–1892 aliona katika misitu mmea mfupi wenye majani manene ya manyoya na maua ya zambarau. Aliukuta karibu na Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, na pia juu zaidi milimani Usambara. Alimpelekea baba yake, naye Ulrich akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza iliwaheshimu baba na mwana. Ya pili, kutoka Kigiriki, inamaanisha mwenye maua kama urujuani. Wajerumani huuita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara, ingawa hauna undugu na urujuani wa Ulaya.

Saint Paul-Illaire hakuwa mtu wa kwanza kuuona. Wenyeji wa misitu hiyo waliishi nao tangu zamani. Hata kati ya Wazungu, John Kirk mwaka 1884 na mmisionari W. E. Taylor mwaka 1887 walikuwa wamepeleka vielelezo Kew, Uingereza. Vielelezo hivyo havikutosha kuuelezea mmea mpya. Uliopata jina ni ule uliofika ukiwa na uwezo wa kuota na kuchanua.

Mwaka 1893 ua hilo lilionyeshwa Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikaanza kulieneza. Mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina zilizopata umaarufu Marekani. Chama cha wapenzi wa ua hilo kilianzishwa huko mwaka 1946.

Mwanga wa kuoteshea ndani

Anayetoka Handeni kwenda Korogwe hupita nchi kavu yenye jua kali, huvuka mto Pangani, kisha huiona milima ya Usambara mbele yake. Ua hili halioti katika nyika iliyo wazi. Huota kwenye mawe yenye unyevu chini ya vivuli vya miti mikubwa. Tabia hiyo ndiyo iliyolifaa kwa maisha ya ndani, kwa kuwa huridhika na mwanga wa wastani.

Dirishani huwekwa mahali penye mwanga mwingi usio jua la moja kwa moja. Tangu taa za tyubu zilipoanza kuuzwa mwaka 1938, wapandaji wengi walizipendelea kwa sababu hutoa mwanga mwingi na joto dogo kuliko globu za zamani. Siku hizi taa za LED zinachukua nafasi yake kwa kuwa hutumia umeme kidogo zaidi. Katika kuchagua taa, huzingatiwa mambo yafuatayo:

• Rangi: mwanga wa buluu husaidia majani, na mwekundu husaidia uchanuaji. Taa nyeupe yenye rangi zote mbili inatosha.
• Umbali: tyubu huwekwa takriban sentimita 20 hadi 30 juu ya mimea.
• Muda: saa 10 hadi 14 kwa siku. Giza la usiku nalo ni lazima ili mmea uchanue.

Mmea wenyewe huonyesha kasoro. Vikonyo vikirefuka na maua yakikosekana, mwanga ni hafifu. Majani yakipauka, yakisongamana katikati au yakiungua kingo, mwanga umezidi.

Urithi

Mtaalamu B. L. Burtt wa Edinburgh alitambua spishi zipatazo 20. Baadhi zilipewa majina ya mahali zilipokusanywa, kama vile tongwensis na magungensis. Nyingine, orbicularis, ilitoka Ambangulu, wilayani Korogwe. Mwaka 2015 wataalamu waliiingiza Saintpaulia katika jenasi ya Streptocarpus, hivyo jina la Saint Paul-Illaire si jina la jenasi tena, ila bado linatumika sana miongoni mwa wapandaji.

Aina za porini huishi katika maeneo madogo nchini Tanzania na Kenya. Ukataji wa miti huondoa kivuli na unyevu vinavyozitunza, na baadhi zimo hatarini kutoweka. Hivyo mmea ulio salama katika mamilioni ya vyungu vya ughaibuni unategemea, katika nchi yake ya asili, miti inayobaki imesimama juu yake.