Meinertzhagen: jasusi aliyeiweka Kondoa kitabuni

Wadau, nyie mnaopokezana vitabu vya ujasusi mpaka majalada yanachanika, leo nawaletea jamaa aliyeiandika Kondoa yetu. Richard Meinertzhagen, Mwingereza, kazaliwa London 1878, kafariki 1967.

Alikuja Kenya 1902 akiwa ofisa wa KAR. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kukutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. Ilisemekana ni mazungumzo ya amani. Akampiga risasi pale pale. Jeshi lilichunguza likamsafisha, ila 1906 akaondolewa Kenya.

Vita Kuu ya Kwanza ikamrudisha, safari hii akiwa mkuu wa upelelezi wa jeshi la Waingereza huku kwetu. Habari aliletewa na Waafrika waliopenya kwa miguu mpaka kwenye kambi za Wajerumani. Na hapa msicheke: mwenyewe anasimulia kuwa walimwokotea makaratasi ya chooni, maana maofisa wa Kijerumani walikuwa wanajisafishia barua na amri za jeshi!

Sasa Kondoa. Aprili 1916 Jenerali van Deventer na askari wake kutoka Afrika Kusini waliuteka mji, masika yakawakatia njia ya chakula. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei Lettow-Vorbeck akawashambulia, akashindwa. Hayo hayana ubishi. Meinertzhagen, katika shajara aliyoichapisha 1960, anasema usiku ule alikuwepo, na alimuua ofisa wa Kijerumani kwa rungu la huyo huyo Mjerumani. Stori tamu kweli.

Tatizo ni msimuliaji. Miaka ya 1990 wataalamu wa ndege waligundua kuwa aliwahi kuiba ndege waliokaushwa kwenye makumbusho, akawabandika lebo za uongo. 2007 Brian Garfield akatoa kitabu kizima cha kumuumbua. Shajara yenyewe ni karatasi za taipu, moja moja, kwa hiyo kuchomeka ukurasa miaka mingi baadaye si kazi.

Mimi lile rungu siliamini. Wanaoniuma zaidi ni wale waliookota makaratasi: wao ndio walioweka roho rehani, na hawakuacha shajara. Mdau wa Kondoa mwenye babu aliyesimuliwa habari za 1916, hata kipande tu, atumwagie hapo chini.